Mkeka wa Kukodi

Juma hili nitawasimulia habari za mgongo wangu, na kwa njia ya mgongo huo, habari za mchezo, au niseme tiba, au niseme ibada, iitwayo yoga. Jina lipi linaifaa hasa, ndilo jambo lililonisumbua.

Mwaka 2008 nilikuwa nikiishi London, nikifanya kazi ya usiku ya kubeba maboksi ghalani. Mgongo ukanishika. Ikafika siku nikavishwa viatu kama mtoto, na kwa mtu anayelipwa kwa saa, kulala kitandani ni kukosa kodi ya chumba. Daktari akanishauri nijaribu yoga. Nikacheka. Yoga niliyoijua mimi ni ya jirani yetu Mhindi kule Upanga, mzee aliyeketi barazani kila alfajiri amefumba macho, nasi watoto tukimchungulia na kuapa kwamba anazungumza na majini.

Studio ya kwanza ilikuwa mtaa wa wenye nazo. Sakafu ya mbao inang'aa, udi unafuka, na ada ni pauni 14 kwa saa moja na nusu. Juu yake pauni 2 za kukodi mkeka. Kukodi mkeka, jamani! Mwalimu, kijana wa Kizungu, akatuambia kuwa mikao ile haijabadilika kwa miaka 5,000. Wenzangu wakashusha pumzi kuonyesha wameguswa. Mimi nikaenda maktaba.

Huko nikakuta mengine. Yoga ni kongwe kweli, hilo halina ubishi. Lakini maandiko ya Patanjali, yanayoheshimiwa mno, yana vifungu 196 hivi, na vinavyohusu mkao wa mwili ni vitatu tu. Kitabu cha karne ya 15, Hatha Yoga Pradipika, kinaeleza mikao 15, mingi yake ya kuketi. Ile ya kusimama na kujinyoosha tuliyokuwa tukiitolea jasho ilipata sura yake hasa katika miaka ya 1930, mjini Mysore, ambako Krishnamacharya alifundisha vijana katika kasri la Maharaja. Wakati huo mazoezi ya viungo ya Kizungu yalikuwa yameenea India, na wataalamu wangali wanabishana nani aliazima nini kwa nani.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa shemeji yake, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918, mtoto dhaifu aliyeandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1952, huko Bombay, alikutana na Yehudi Menuhin, mpigaji fidla mashuhuri. Ndiyo, fidla hiyo hiyo tunayoisikia kwenye taarab. Menuhin alikuwa hoi kwa uchovu, na Iyengar akamlaza mpaka usingizi ukamchukua. Mwaka 1954 Menuhin akamleta Ulaya, hadi London, akamzawadia saa iliyochorwa maneno ya kumwita mwalimu wake bora wa fidla. Mwaka 1966 kitabu chake Iyengar kikachapishwa papo hapo London, kikiwa na picha karibu 600.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 mamlaka ya elimu ya jiji ikakubali yoga ifundishwe katika madarasa yake ya jioni, kwa sharti: mikao na pumzi ruksa, falsafa hapana.

Hapo nikafunga kitabu. Maana mama yangu alikuwa ameshapata habari, akanipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Mwanangu, ndiyo kusema umeingia dini ya Wahindi?" Nilikosa jibu. Kumbe makarani wa London walijiuliza swali lile lile miaka 40 kabla yangu, nao wakalijibu kwa kisu. Wapo wanaosema, na nadhani wana haki, kwamba huko ni kumchuna ng'ombe na kudai ngozi ndiyo ng'ombe. Lakini bila kisu kile, mimi nisingethubutu kuingia.

Mamlaka yenyewe ilivunjwa mwaka 1990, ila madarasa ya jioni hayakufa. Nikapata moja kwenye shule ya mtaa wetu, ada nafuu, mikeka ya bure iliyochakaa, udi hakuna. Bibi mmoja wa Kiingereza, umri wake sabini na ushei, ambaye alianza katika madarasa hayo miaka ya 1970, alinionyesha namna ya kutumia kiti na mkanda pale mwili unapogoma. Ndiyo mbinu za Iyengar. Mwezi wa tatu nikafunga kamba za viatu mwenyewe, nikarudi ghalani.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yote, pamoja na lile sharti. Akasikiliza kimya, uso hausemi kitu. Kisha akauliza kama hicho kiti kinasaidia na magoti.