CV Yako Bado Imevaa Kipande

Hebu fungua CV yako uangalie pale juu kabisa. Jina, sawa. Namba ya simu, sawa. Halafu: namba ya kitambulisho, dini, umeoa ama hujaoa, kaunti ya nyumbani. Sasa niambie, kazi ya kuuza viatu Moi Avenue inahitaji dini yako ya nini?

Nimesaidia mabeshte wengi kupanga CV na karibu zote zinaanza hivyo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa "ndio fomati." Kuna karatasi nyingine ya kazi hapa Kenya iliyokuwa na fomati yake. Sisemi moja ilizaa nyingine, lakini zikae meza moja uone.

Mwaka 1915 serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mdosi ni nani, ulianza lini, unalipwa ngapi, ulitoka lini. Karatasi ilikaa kwenye kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ukishikwa bila hicho kitu, ni faini ama jela. Mzungu hakubeba.

Huku kwetu Muthangari, kabla ya hizi ghorofa, kulikuwa na kahawa. Mapadri wa St. Austin's walifika 1899 na walikuwa kati ya wa kwanza kuipanda nchini. Sasa jiweke kwenye viatu vya kibarua wa kahawa wa miaka ya 1920, shamba lolote lile. Unataka kuhamia kwa mdosi mwingine. Kabla ufungue mdomo, ameshasoma ulikuwa unalipwa ngapi. Bei yako imeisha hapo. Na kama ulitoka bila mdosi wa kwanza kutia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na alama zako za vidole ziko kwenye faili Nairobi. Ilikuwa CV kamili, ila mwenyewe huruhusiwi kushika kalamu.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, operata wa simu ofisi ya Hazina, kazi ya maana kwa Mwafrika wa wakati huo. Alipinga kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara. Akapoteza kazi, na tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ukajaa nje ya kituo cha polisi, pale karibu na Norfolk. Wanaume walipoanza kusita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea hadharani na kusukuma watu mbele. Risasi zikalia, naye akawa kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu waliokufa 21, wengine walisema ni wengi zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Sheria ya kitambulisho cha watu wa rangi zote ilikuja kupitishwa 1947, miaka 25 baadaye. Na bado tunaita ID kipande.

Ndiyo maana naona uchungu nikiona msee ameandika mshahara wake wa sasa kwenye CV bila kuulizwa. Toa. Toa dini, toa ndoa, toa namba ya ID. Wakikuajiri watapata hayo yote. Hata cheti cha good conduct, sheria ilirekebishwa 2022 ili mwajiri akitake akiwa tayari kukupa mkataba, si kabla.

Hiyo nafasi iliyobaki ijaze na kazi. "Mchapakazi, mwaminifu, mtiifu" ni maneno ya mdosi kuhusu wewe. Andika ulichofanya: duka gani, wateja wangapi kwa siku, ulifunga hesabu mwenyewe ama la. Mimi niliacha uni na kwangu nimeandika miaka niliyosoma na masomo niliyomaliza, basi. Hakuna mtu ameuliza zaidi ya swali moja.

Na kitu kimoja wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inasema ukitoka kazini baada ya wiki nne au zaidi mfululizo, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi: jina lake, jina lako, kazi gani, wapi, kuanzia lini hadi lini. Kifungu hicho hicho kinasema halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia yako, na mshahara haumo kwenye orodha. Kiombe siku ya mwisho ya kazi, hata kama ulikuwa wa miezi miwili tu, hata kama mmeachana vibaya.