Grafu ya Solomon

Grafu ya Solomon ni mchoro wa kitakwimu wenye umbo la herufi U unaohusianisha mwendo wa gari na uwezekano wa gari hilo kupata ajali. Ilitokana na ripoti ya David Solomon iliyotolewa na serikali kuu ya Marekani mwaka 1964, na hadi leo hupendwa mno na wapinzani wa vikomo vya mwendo.

Chanzo

Solomon aliwachunguza madereva wapatao 10,000 waliopata ajali katika takriban maili 600 za barabara kuu za vijijini, katika majimbo 11, akalinganisha mwendo wao na wa magari mengine yaliyopimwa yakipita hukohuko. Kiwango cha ajali, yaani idadi ya magari yaliyohusika kwa kila maili milioni 100 zilizosafiriwa, kilikuwa kidogo kabisa karibu na mwendo wa wastani au juu yake kidogo, kikapanda kwa waliokimbia sana na kwa waliojikokota. Mwaka 1968 Julie Cirillo alipata umbo linalofanana na hilo.

Matatizo ya tafsiri

Magari yaliyopita salama yalipimwa, lakini mwendo wa yaliyopata ajali ulitokana na kumbukumbu za ajali, yaani makadirio yaliyotolewa baada ya tukio, pengine na dereva mwenyewe, ambaye ana kila sababu ya kujipunguzia mwendo. White na Nelson walionyesha mwaka 1970 kwamba makosa ya vipimo pekee yanaweza kuukunja mstari ulionyooka ukawa herufi U.

Tatizo kubwa zaidi ni la magari yanayokata kona. Dereva anayepunguza mwendo ili aingie njia ya shambani, akagongwa kwa nyuma, huhesabiwa kuwa mwendapole, ingawa dakika moja kabla alikwenda sawa na wenzake. Na kwa kuwa ni magari machache mno yanayosafiri maili 20 kwa saa katika barabara kuu, ajali chache za namna hiyo hutosha kukipandisha kiwango kupita kiasi. Utafiti uliofanywa Indiana, ambao uliyaondoa magari hayo katika hesabu, uliona hatari ya mwendo wa polepole ikipungua sana.

Jambo lisilonukuliwa mara nyingi ni kwamba ripoti hiyohiyo ya Solomon ilionyesha ukali wa majeraha ukiongezeka kadiri mwendo unavyozidi.

Tafiti za baadaye

Utafiti wa Kloeden na wenzake, uliofanyika Adelaide, Australia, na kuchapishwa mwaka 1997, ulikadiria kuwa katika maeneo ya kikomo cha kilometa 60 kwa saa hatari ya ajali yenye majeruhi huongezeka takriban maradufu kwa kila kilometa 5 zinazozidi kikomo. Wenda polepole hawakuonekana kuwa na hatari ya ziada.

Matumizi

Grafu hutajwa katika mijadala ya kikomo cha maili 55 kwa saa, kilichowekwa Marekani mwaka 1974 na kufutwa mwaka 1995.