Kasino Haishiki Karata

Kila mwaka Krismasi inapokaribia, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani. Mimi ni mmoja wao. Kwetu ni Kirua Vunjo, na nikifika huko hukutana na wenzangu tuliocheza kandanda pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tumebaki wanane, na wanane hao tuna chama chetu kidogo cha kufa na kuzikana.

Krismasi iliyopita tulikuwa tumekaa mgombani tukinywa mbege, mmoja wetu akatoa wazo kwamba twende Arusha tukacheze karata kwenye kasino. Mimi hucheza poka kwa kujifurahisha, kwa hiyo nililishangilia wazo hilo kuliko wote. Wawili walikataa. Sita tukajibana katika gari moja, tukateremka hadi barabara kuu, tukashika njia ya Arusha. Tulikubaliana kwamba kila mtu aingie na shilingi 100,000, zikiisha basi.

Kabla sijaeleza yaliyotupata, niseme kidogo habari za karata zenyewe, maana wapo wanaodhani kwamba kamari ililetwa na soko huria. Sikiliza maneno tunayotumia: karata, kopa, shupaza, uru, pau, turufu. Yote hayo asili yake ni Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na Waarabu wa Oman wakawatoa humo mwaka 1698. Mizinga ikanyamaza, karata zikabaki. Poka yenyewe ni changa zaidi. Ilikulia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa New Orleans na ndani ya meli za mto Mississippi.

Hapa nchini, sheria ya kusimamia bahati nasibu ilitungwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1974 ikafuata sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Maana yake ni kwamba hata katika siku za Ujamaa bahati iliuzwa kwa tiketi, ila mwenye duka alikuwa Serikali. Kasino ziliingia Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha iliyounda Bodi ya kuisimamia. Siku hizi kijana hahitaji kwenda mjini. Anaweza kuweka mkeka wake kwa simu akiwa shambani, na mkeka ukichanika hakuna anayemwona.

Sasa turudi Arusha. Karibu na mlango palikuwa na gurudumu la ruleti, lenye namba kuanzia sifuri hadi 36, yaani namba 37. Hesabu yake haifichwi. Ukiweka shilingi 1,000 juu ya kila namba, umetoa 37,000. Namba moja lazima ishinde, nawe utapewa 36,000. Ile 1,000 iliyopungua ni ya mwenye nyumba. Niliwaambia wenzangu kwa majivuno kwamba sisi hatuchezi mchezo huo wa wajinga. Sisi tutacheza poka, ambapo hatushindani na kasino, tunashindana sisi kwa sisi.

Sikufikiri vya kutosha juu ya maneno hayo, "sisi kwa sisi".

Tukabadilisha fedha, tukapewa chipsi, si zile zinazoliwa kwa mayai, bali vile vidude vya rangi. Meza ikawa yetu sisi sita, na mgawa karata wa nyumba. Katika kila fungu lililoshindaniwa, yeye alikata shilingi tano katika kila mia, akazitia katika tundu la meza. Alikata kwa adabu kabisa. Baada ya nusu saa hatukumtazama tena.

Mbele yangu alikaa aliyekuwa beki wetu wa kushoto. Mimi nilikuwa winga wa kushoto, na nilikuwa mvivu wa kurudi nyuma. Kwa miaka minne mtu huyu alikimbia mbio zake na zangu. Namjua kama kiganja changu. Tangu ujana akiwa na hofu hugusa sikio. Aligusa sikio kabla ya kila penalti. Usiku ule aligusa sikio kila alipokuwa na karata mbovu huku akijifanya anazo nzuri, na kila alipogusa mimi niliongeza fedha mezani. Nilifurahi sana, nikijiona hodari wa poka.

Laki yake ikaisha. Akacheka, akatoa nyingine, kisha nyingine, kisha ya nne. Tulikuwa tumekubaliana mwisho ni laki moja, lakini hakuna aliyemkumbusha. Mimi ndiye niliyepaswa kumkumbusha, na mimi ndiye niliyekuwa nikizila.

Tulipofika Boma Ng'ombe kulikuwa kunapambazuka, na Kibo ilikuwa wazi. Mlinda mlango wetu, ambaye ni mtu wa hesabu, akasema tuhesabu. Tulikuwa tumeingia na jumla ya shilingi 900,000. Tumetoka na 690,000. Mimi nina 410,000, beki hana kitu, wanne waliobaki wamegawana 280,000. Laki mbili na elfu kumi zimebaki Arusha, kwa nyumba ambayo haikushika karata hata moja. Ndipo beki aliposema, akitazama nje dirishani, kwamba zile laki tatu za ziada zilikuwa ada ya mjukuu wake anayemlea. Nikampa. Akakataa kuzishika. Nami nilimwelewa, maana mtu hawezi kupokea sadaka kutoka kwa aliyemla.

Njiani nilifikiri juu ya wazee wetu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha kuuza kahawa pamoja, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kila mmoja alikuwa na kihamba chake na angeweza kushindana na jirani yake. Walichagua kupeleka magunia mahali pamoja.

Sisemi kwamba ushirika ulikuwa wa malaika. Ushirika nao ulikata. Mwaka 1937 wakulima walifanya ghasia mlimani wakiulalamikia. Lakini katika ushirika mwanachama alikuwa na haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza: makato haya yamekwenda wapi? Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, mkulima alipoteza pia mahali pa kuuliza, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Katika kasino utapewa kinywaji na kiti kizuri, lakini mkutano mkuu hakuna. Tena kasino haikuvunja sheria yoyote usiku ule. Tuliovunja makubaliano ni sisi.

Siku tatu baadaye chama chetu cha kufa na kuzikana kilikutana. Nililipa katika mfuko shilingi 310,000, yaani faida yangu yote. Beki akaomba mkopo wa 300,000 usio na riba, wa kulipa mpaka mavuno ya kahawa. Hakuna aliyepinga. Lakini kabla ya kutia sahihi alisimama, akauliza mbele ya wote: "Fedha hizi zilizoingia leo zimetoka wapi?"

Ilinibidi nisimame na mimi, niwaeleze wale wawili ambao hawakwenda Arusha jinsi nilivyozipata, pamoja na habari ya sikio. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatia sahihi, akasema kwamba mwakani tukikutana tucheze kandanda, na kwamba safari hii nirudi nyuma mwenyewe.