Kukanza Maji Katika Milima ya Uluguru

Mtu wa pwani, aliyezoea hewa isiyomwacha bila jasho hata usiku wa manane, akipanda kutoka mji wa Morogoro hadi Morningside, nyumba iliyojengwa zama za Wadachi ubavuni mwa mlima, au akifika Mgeta wakati ukungu umetanda juu ya mashamba ya mboga, hutambua upesi kwamba maji ya moto, ambayo kwao ni anasa, huku ni haja ya kila siku.

Anasa hiyo pwani waliijua zamani. Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, hamamu ya Kidichi mnamo mwaka 1850, na mwanawe Seyyid Barghash akawajengea watu wa mji wa Unguja hamamu ya Hamamni. Uluguru haikuwa na mabirika ya chokaa wala sultani wa kuyagharimia; ilikuwa na mafiga matatu, chungu, na kuni zilizookotwa katika ardhi ya ukoo. Maji yaliyokanzwa hapo hayakuwa ya starehe: aghalabu yalikuwa ya mzazi aliyepaswa kukandwa, ya mtoto mchanga, ya mgonjwa na ya mzee ambaye baridi ya mlimani imemwingia mifupani.

Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni, vyombo vilibadilika. Lilikuja debe la mafuta ya taa, na baada yake pipa la chuma la lita zipatazo 200, likawekwa juu ya jiko la matofali nyuma ya nyumba za wakubwa, lenye dohani yake na mabomba yake mawili: moja la kuingiza maji baridi, na moja la kupeleka ya moto bafuni. Chombo hicho ni chepesi kukieleza, bali kina maradhi yake, na watumishi waliokichochea alfajiri ndio waliokuwa matabibu wake, ijapokuwa lawama za bwana aliyekuta maji yana uvuguvugu tu ziliwaangukia wao kwanza.

Maadam maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, bomba la kuingizia halina budi kufika chini kabisa ya pipa, na la kutolea kuanzia juu. Likioza kutu lile la kwanza likakatika katikati, maji baridi huchanganyika na yale yaliyokwisha kupata moto, hata mtu achochee mchana kutwa asipate ila uvuguvugu. Kadhalika mvua kubwa zikishusha matope, hayo hutuama, yakawa godoro baina ya moto na maji. Masizi yakijaa katika dohani, moto hukosa pumzi, na moshi hurudi machoni mwa mchochezi. Fundi mwenye maarifa, basi, haanzi kwa kuongeza kuni: hutazama rangi ya moshi, hugonga dohani, hufungua kizibo cha chini akaona kitokacho, na hupapasa ubavu wa pipa kutoka juu hadi chini ajue joto limeishia wapi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuni mbichi. Kilo moja hivi ya kuni kavu ingetosha kupandisha pipa zima kutoka joto la nyuzi 20 hadi 40, lau joto lote lingeingia majini. Lakini moto wa wazi hupoteza sehemu kubwa kwa upepo, na kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake zenyewe. Hivyo pipa bovu hula mzigo wa kuni badala ya kipande.

Na mzigo huo watoka wapi? Wadachi walitenga misitu ya Uluguru kuwa hifadhi mwaka 1909, kwa kuwa vijito viingiavyo Ngerengere na Ruvu, ambavyo hatimaye huwanywesha watu wa Dar es Salaam, chanzo chake ni huko. Waingereza nao, kwa hofu ya mmomonyoko, waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta, hata ghasia zikazuka Matombo mwaka 1955 na mpango ukavunjika. Tawala zote mbili ziliutazama mlima, zikamwekea mkulima sheria. Jiko lililokuwa nyuma ya nyumba za wakubwa halikuwekewa sheria yoyote, ilhali nalo lilikula kuni.

Tangu bwawa la Kidatu lianze kutoa umeme mwaka 1975, wengi mjini wamehamia kwenye hita, na kasoro zimehama pamoja nao: koili iliyovaa chokaa ni ndugu wa pipa lenye matope, na huponywa kwa dawa ile ile ya kusafisha. Mahali pasipohitaji fundi ni kusini, karibu na ziwa Tagalala, kwenye chemchemi ziitwazo Maji Moto, ambako ardhi yenyewe hukanza maji bila kuni. Kwingineko, anayekagua pipa lake kabla ya kutuma watu msituni huokoa mgongo wa mwanamke abebaye kuni na kijito kitakacholijaza pipa hilo kesho. Na kazi hiyo haikuhitaji amri ya serikali yoyote, si ya Wadachi wala ya Waingereza.