Mkono Uliopooza na Haki ya Kufanya Kazi

Injili ya Marko, mwanzoni mwa sura ya tatu, inasimulia habari za mtu mwenye mkono uliopooza. Yezu alimwamuru asimame katikati ya sinagogi siku ya Sabato, kisha akamponya mbele ya watu waliokuwa wakimvizia. Injili haisemi mtu yule alikuwa nani. Lakini Mtakatifu Yeronimo, katika maelezo yake juu ya Injili ya Matayo, anataja kitabu cha kale kilichotumiwa na Wakristu wa asili ya Kiyahudi, ambacho kilisema kwamba alikuwa mwashi aliyepata chakula kwa kazi ya mikono yake, na kwamba alimwomba Yezu amrudishie afya ili asiendelee kuombaomba kwa aibu. Kanisa halikukipokea kitabu hicho kati ya Maandiko Matakatifu, wala hatulazimiki kukisadiki. Hata hivyo, aliyeyaandika maneno hayo aliwafahamu wagonjwa vizuri. Mwashi yule alitaka zaidi ya mkono ulionyooka: alitaka kazi yake, na pamoja na kazi, nafasi yake kati ya watu.

Kuna utaalamu mmoja wa tiba uliojengwa juu ya ombi la namna hiyo. Kwa Kifaransa huitwa ergoterapi, nasi tunaweza kusema: tiba kwa njia ya kazi. Wengi wetu tumemwona mtaalamu wa kine akinyoosha magoti na mabega ya wagonjwa. Mwenzake wa ergoterapi huanzia mahali pengine. Humwuliza mama aliyepooza upande mmoja: kabla ya ugonjwa, siku yako ilikuwaje? Ulikuwa ukitwanga sombe, ukifunga kitenge, ukimbeba mtoto mgongoni, ukipanga bidhaa sokoni? Kisha hutafuta pamoja naye namna ya kuyafanya hayo tena, hata kwa mkono mmoja. Hubadili kimo cha meza, hurefusha mpini wa kijiko, huzungumza na jamaa wanaofikiri kwamba kumpenda mgonjwa ni kumkataza asiguse kitu. Neno kazi hapa lina maana pana: kuoga, kuvaa, kucheza, kusoma, kwenda Misa, yote yanayoijaza siku ya mwanadamu.

Inafaa tujue utaalamu huu ulitoka wapi, kwa sababu haukuzaliwa katika hospitali peke yake. Ulizaliwa pia katika mapambano juu ya haki za maskini.

Wazo lenyewe ni la zamani. Huko Geel, nchini Ubelgiji, mahujaji waliokuja kwenye kaburi la Mtakatifu Dimfna kuwaombea wagonjwa wa akili walikuwa wengi kuliko nafasi iliyokuwapo kanisani, hivyo familia za mji zikawapokea wagonjwa nyumbani mwao. Desturi hiyo ilidumu karne nyingi. Mgonjwa alikula mezani na wenye nyumba, akalisha ng'ombe, akachota maji, akawalea watoto. Kabla tu ya Vita ya pili ya dunia wageni wa namna hiyo walizidi 3,000. Hakuna aliyekuwa na diploma ya tiba. Walikuwa wakulima.

Lakini mahali pengi duniani mgonjwa wa akili aliye maskini alifungiwa, na huko alikofungiwa alikaa bure. Ndivyo ilivyokuwa katika jimbo la Illinois, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1889 wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walikuwa wamehamia katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago na kufungua nyumba iliyoitwa Hull House. Majirani zao walikuwa Waitalia, Wagiriki, Waayalandi, Wayahudi kutoka Urusi. Baadaye kidogo alijiunga nao Julia Lathrop, binti wa mwanasheria, mwanamke mtulivu na mwenye macho makali. Mwaka 1893 gavana Altgeld alimweka Lathrop katika halmashauri ya jimbo iliyosimamia nyumba za misaada, naye akafanya jambo ambalo wajumbe wa halmashauri hawakuwa na mazoea ya kulifanya: akaenda kuona. Alizitembelea nyumba za maskini katika wilaya zote 102 za jimbo. Aliwakuta wazee, yatima, vichaa, viziwi na wenye kifafa wamerundikwa pamoja, chini ya wasimamizi ambao wengi wao walikuwa wamepewa nafasi zile kama zawadi ya kusaidia chama wakati wa uchaguzi. Mwaka 1901 alijiuzulu kwa kuupinga mtindo huo wa kugawa kazi, akarudi tu mambo yalipoanza kubadilika.

Tukisoma habari zake, tunaona kwamba hakuishia kwenye kulalamika juu ya vitanda na chakula. Alielewa kwamba mtu anayeketi kwenye benchi miaka 20 bila kuguswa na shughuli yoyote anaugua ugonjwa wa pili, ambao nyumba ile yenyewe imempa. Tena alielewa kwamba mlinzi wa wagonjwa, aliyelipwa kidogo na asiyefundishwa chochote, hana namna ya kumwondoa mgonjwa kwenye benchi. Kwa hiyo mwaka 1908, katika shule ya huduma za jamii mjini Chicago, yalianzishwa mafunzo maalumu kwa wauguzi na walinzi wa hospitali za wagonjwa wa akili: ufumaji, useremala, kusuka vikapu, michezo, nyimbo, na namna ya kuvitumia vyote hivyo kumrudisha mgonjwa katika maisha. Ni moja ya chemchemi za utaalamu tunaouzungumzia.

Mwaka 1911 alikuja kusoma huko mwanamke aliyeitwa Eleanor Clarke Slagle. Baadaye, akifanya kazi mjini Baltimore pamoja na daktari Adolf Meyer, aliwachukua wagonjwa ambao wengine walikuwa wamewakatia tamaa, akawapangia siku nzima: kuamka, kunawa, kuvaa nguo zao wenyewe, kula mezani, kazi ya mikono, matembezi, mchezo, kulala. Tunaweza kuona hilo kuwa jambo dogo. Lakini kwa mtu ambaye kwa miaka mingi amevuliwa na kuvalishwa na wengine kama mzigo, kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe ni mwanzo wa kuitwa tena mtu.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, maana kazi ina uso mwingine. Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kazi yaweza kutumiwa kumvunja mtu. Babu zetu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Katika hospitali nyingi za Marekani wagonjwa walilima mashamba, walifua nguo, walipika, walisugua sakafu, bila malipo, na ikasemwa kwamba hiyo ni tiba. Kwa wengine huenda ilikuwa tiba kweli. Kwa wengi ilikuwa njia ya kuendesha hospitali kwa gharama ndogo, na mgonjwa mwenye bidii hakuruhusiwa kurudi nyumbani haraka, kwa kuwa alikuwa na faida. Mwaka 1973 tu mahakama moja mjini Washington ilihukumu kwamba wagonjwa waliofanya kazi za namna hiyo wana haki ya mshahara kama wafanyakazi wengine. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini matokeo yake yalichanganyika: hospitali nyingi hazikutaka kulipa, zikaifuta kazi, na wagonjwa wakarudi kwenye benchi. Haki nusu huzaa dhuluma mpya. Kipimo cha kutenganisha tiba na unyonyaji, kwa maoni yangu, ni swali moja: kazi hii inamfaa nani kwanza, anayeifanya au anayeiamuru?

Mwezi Machi 1917 watu sita walikutana katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kwanza cha utaalamu huu. Slagle alikuwa mmoja wao. Mwenye nyumba alikuwa George Barton, msanifu wa majengo aliyekuwa ameugua kifua kikuu, amekatwa vidole vya mguu na kupooza upande wa kushoto, na aliyejirudisha kwenye uzima kwa kulima bustani na kufanya useremala. Nyumba yake aliiita Nyumba ya Faraja. Ni vizuri tukumbuke kwamba kati ya waanzilishi alikuwamo mgonjwa. Majuma machache baadaye Marekani iliingia katika Vita ya kwanza ya dunia, na wanawake waliofundishwa kazi hii walitumwa hata Ufaransa kuwahudumia askari waliojeruhiwa. Jeshi halikuwapa cheo chochote.

Vita ilileta heshima, na heshima ilileta hatari yake. Utaalamu ulipopata nafasi hospitalini, ulianza kusema lugha ya hospitali: viungo, misuli, vipimo. Suala la Lathrop juu ya nani anafungiwa na kwa nini lilififia kwa miaka mingi. Lilirudi mwishoni mwa karne ya 20, pale Ann Wilcock wa Australia na Elizabeth Townsend wa Kanada walipoanza kuandika juu ya haki katika shughuli za maisha. Hoja yao ni kwamba mtu aweza kunyimwa kazi, shule au mchezo bila kuwa na kasoro yoyote mwilini. Inatosha awe mkimbizi kambini, mfungwa, au mtoto wa mtaa usio na barabara. Wenzao wengine waliazima neno la uchungu la Afrika ya Kusini, apartheid, wakilitumia kueleza hali ya jamii inayowagawia wengine shughuli zenye heshima na wengine mabaki. Mwaka 2006 shirikisho la dunia la wataalamu hao lilitamka rasmi kwamba kushiriki katika shughuli za maisha ni jambo la haki za binadamu, na mwaka 2018 mkutano wake mkuu ulifanyika Cape Town, kwa mara ya kwanza katika bara letu.

Kanisa lilikuwa limekwisha kusema. Mwaka 1981, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, Papa Yoane Paulo wa Pili aliwatengea walemavu sehemu nzima, ile ya 22. Anafundisha kwamba mlemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba jamii inayowapa kazi wale tu wenye nguvu kamili inafanya ubaguzi mzito, wa wenye afya dhidi ya wagonjwa. Barua hiyo iliadhimisha miaka 90 ya Rerum Novarum ya Papa Leo wa Kumi na Tatu.

Ellen Gates Starr, yule mwanzilishi mwenza wa Hull House, angefurahi kuisoma. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, aliyejifunza ufundi huo London. Lakini baadaye aliona kwamba vitabu vizuri alivyovitengeneza vingenunuliwa na matajiri tu. Alisimama na wafanyakazi waliogoma, na mwaka 1914 alikamatwa na polisi kwa kuwaunga mkono wahudumu wa mkahawa mmoja wa Chicago. Mwaka 1920 aliingia katika Kanisa Katolika. Mwaka 1929 alipasuliwa uti wa mgongo, akabaki amepooza kuanzia kiunoni, akamaliza maisha yake katika konventi ya masista, hadi alipofariki mwaka 1940.

Katika nchi yetu, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inamwahidia mwenye ulemavu ulinzi maalumu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki zake, kazi na masomo vikiwamo. Karatasi ipo. Hospitali nyingi za mikoa yetu ya mashariki, ambako risasi zimewaacha vijana wengi bila mguu au bila mkono, hazina hata mtaalamu mmoja wa ergoterapi, na kijana anayeondoka hospitalini na magongo mapya hupelekwa nyumbani kuketi. Shirika hai likienda kumtembelea hupeleka sabuni, sukari na sala, na hufanya vema. Laiti mmoja wa wale vijana wageni angevuta kiti na kumwuliza kabla ya kuaga: kabla ya siku ile, ulikuwa unafanya kazi gani? Ulikuwa unasukuma chukudu? Unashona? Unapiga ngoma katika kwaya? Na angesubiri jibu, hata likichelewa.