Ardhi Iliyoitwa Tupu

Mlinzi wa shamba anaweza kulala shambani miaka ishirini, akapanda mchicha kando ya kibanda chake, na mahakama isimhesabu kuwa na milki ya hata hatua moja ya ardhi ile, kwa kuwa yupo pale kwa niaba ya mtu mwingine. Tajiri wake naye anaweza kuwa Muscat muda wote huo, asiujue hata mnazi mmoja kwa sura, na sheria ikasema bado shamba limo mikononi mwake. Wanasheria hutenganisha mambo matatu ambayo sisi wengine huyachanganya: kuikalia ardhi, yaani kuwapo na kuitumia, kuwa na milki yake, yaani kuitawala kwa nia ya kuwazuia wengine, na kuwa mwenye haki ya mwisho juu yake, uwepo usiwepo. Tanzania Bara, hilo la tatu lilikwisha kuamuliwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa: mwenye haki ya mwisho ni dola. Kilichobaki kugombewa kwa zaidi ya miaka mia moja ni hilo la kwanza, linaloonekana jepesi kuliko yote. Ni kazi gani juu ya ardhi inayohesabiwa kuwa ni kuikalia? Ninachodai ni kwamba kila utawala uliopita hapa ulijipatia ardhi kwa kuamua kwanza ipi ni tupu, na kipimo chake siku zote kilimfaa mwenye nyumba na mgomba kuliko mwenye ng'ombe au mwenye shamba lililopumzishwa.

Wajerumani ndio walioanza. Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni lao la Afrika Mashariki ni mali ya Taji. Amri hiyo haikusema kwamba wenyeji hawana kitu. Iliacha kando ardhi ambayo watu binafsi, machifu au jumuiya za wenyeji wangeweza kuonyesha kuwa ni yao. Mtego ulikuwa kwenye huko kuonyesha. Mzigo wa ushahidi ulimwangukia mtu ambaye ushahidi wake wote ulikuwa kaburi la babu, mti wa mpakani na kumbukumbu za wazee, mbele ya tume iliyokuja kuangalia kinacholimwa siku ile. Katika Usambara, ambako makampuni ya Kijerumani yalikimbilia kupanda kahawa, mkulima aliacha kipande kipumzike hadi kirudishe rutuba. Mgeni akipita aliona kichaka. Msambaa aliona shamba la ukoo ambalo zamu yake haijafika. Hata pale maelekezo ya serikali yalipotaka wenyeji waachiwe mara nne ya eneo walilokuwa wakilima, kipimo kilibaki jembe la msimu huo, kikazidishwa kwa nne. Na ng'ombe hakuwamo kabisa katika hesabu.

Waingereza walikuja na lugha ya upole zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyofuata mfano wa Nijeria ya Kaskazini, ilitamka kwamba ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya Gavana, kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Walioachwa nje ni wale waliokwisha kupata umiliki kamili enzi ya Mjerumani. Wengine wote, mzungu kwa mwenyeji, wangekuwa na haki ya kukalia tu. Mwaka 1928 yakaongezwa maneno yaliyoitambua pia haki ya mwenyeji au jumuiya ya wenyeji inayotumia au kukalia ardhi kihalali kwa mila na desturi zao. Tangu hapo zikawa haki mbili zenye jina moja. Ya kwanza ilitolewa kwa hati, yenye miaka hadi 99, masharti na sahihi. Ya pili haikuwa na karatasi wala ukomo wa miaka. Ilihesabiwa tu kuwa ipo, na uhai wake ulitegemea kuonekana kwamba ardhi inatumika. Mwenye hati angeweza kuliacha shamba lake likawa pori, na haki yake ikaendelea kuishi kabatini mpaka mtu achukue hatua ya kuifuta. Asiye na hati hakuwa na kabati.

Hapa tofauti kati ya milki na haki ya mwisho ndipo inapouma. Kanuni ya kawaida ya sheria ya Kiingereza ni kwamba mwenye milki hulindwa dhidi ya kila mtu isipokuwa yule mwenye haki bora zaidi. Ni kanuni nzuri. Chini yake Mchagga aliweza kumshitaki jirani aliyeng'oa masale ya mpaka wa kihamba chake na kushinda, bila kuulizwa cheti. Lakini katika Tanganyika mwenye haki bora zaidi alijulikana tangu mwanzo, naye ni serikali. Ngao ya mila ikawa nene kwa upande wa jirani na nyembamba kama karatasi kwa upande wa boma.

Wameru walilijua hilo mwaka 1951. Tangu enzi ya Mjerumani mashamba ya walowezi yaliuzunguka Mlima Meru kama mkanda, yakitenganisha migomba ya juu na mbuga za chini. Tume ya Jaji Mark Wilson ya 1947 ilipendekeza mipaka ipangwe upya, na serikali ikaamua kuwa eneo la Ngare Nanyuki linafaa zaidi kwa ufugaji wa walowezi. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Hakuna aliyeweza kudai kwamba pale ni patupu; ndiyo maana moto ulihitajika. Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, lakini nchi nzima ilikwisha kusikia kwamba kukalia, peke yake, hakutoshi.

Msomaji anaweza kupinga: kama ubaya ni haki ya mwisho kuwa mikononi mwa dola, kwa nini wapigania uhuru wenyewe waliiacha hukohuko? Jibu lao halikuwa la kijinga. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuanzisha umiliki kamili kwa Waafrika, Nyerere aliandika makala yake ya Mali ya Taifa kupinga ardhi kuwa bidhaa ya soko, akihofu kuwa wachache wenye fedha wangewageuza wengine wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru, hofu hiyo ilizaa sheria zilizompendelea mkaaji waziwazi. Mwaka 1963 umiliki kamili uliobaki uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Mwaka 1965 ukafutwa mfumo wa nyarubanja wa Bukoba, ambamo mtwarwa alilima na kuzeekea shamba ambalo mtwazi alilihesabu kuwa lake, akilitolea kodi na utumishi. Sheria ilimpa aliyelikalia. Nyarubanja inatukumbusha pia kwamba mila haikuwa pepo. Ndani yake walikuwamo wakaaji wasio na milki na wenye milki wasiokalia, kama ilivyo kwenye vitabu vya Kiingereza. Nakubali yote hayo. Lakini kuzuia ardhi isiuzwe ovyo ni jambo moja, na kumpa mtawala uwezo wa kumhamisha mkaaji bila kumlipa ni jambo jingine. Warithi wa Gavana walirithi vyote viwili kwa pamoja.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilionyesha gharama yake. Mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, mashamba ya watu yakagawiwa watu wengine, na karibu hakuna aliyekumbuka kuuliza haki za mwanzo zimefutwa kwa sheria ipi. Miaka ya 1980 wenye mashamba ya asili walianza kufungua kesi, hasa Arusha, na baadhi wakashinda. Serikali ikajibu kwa kutunga sheria: tangazo la 1987 lililozima haki za kimila katika vijiji kadhaa vya Arusha, kisha Sheria Namba 22 ya 1992 iliyopanua hatua hiyo, ikakataza fidia na kuzifungia mahakama mlango. Lohay Akonaay na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba, ambao walikuwa wameshinda kesi yao na kurudi shambani, waliipinga sheria hiyo kwa kutumia Katiba. Mwanasheria wa Serikali alijenga hoja iliyofuata mantiki ya 1923 hadi mwisho wake: haki ya kimila ni ruhusa ya kukalia tu, na ruhusa si mali. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliikataa. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, mahakama ilieleza, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara si bora kuliko wavamizi katika nchi yao wenyewe. Ikaamua kwamba haki ya kimila, ingawa kwa asili yake ni haki ya kukalia na kutumia, ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia haiishii kwenye nyumba na mazao: jasho lililomwagwa juu ya ardhi nalo lina thamani.

Ni hukumu kubwa, na sifa zake inazistahili. Hata hivyo, jasho nalo ni kipimo, na kina upofu wake. Miaka michache kabla, katika wilaya ya Hanang, Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, lilikuwa limefungua mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, yakafikia takribani ekari 100,000 za nyanda ambazo Wabarabaig walichungia. Sehemu nono kuliko zote, wanayoiita muhajega, ililishwa kwa msimu na kuachwa ipone. Wataalamu wa mradi waliona majani. Trekta zililima malisho, njia za ng'ombe na makaburi ya wazee, ambayo Wabarabaig huyajenga kwa heshima kubwa na ambayo kwao ndiyo hati. Kijiji cha Mulbadaw kiliishitaki NAFCO na kushinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliona kwamba halmashauri ya kijiji haikuwa imegawiwa ardhi hiyo kisheria, na kwamba wengi wa wanakijiji walioshitaki hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Hebu tazama: serikali ilihamasisha watu kuunda vijiji, kisha kijiji kilipodai ardhi kikaambiwa hakina karatasi ya kugawiwa.

Watasema hayo yamepita, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati, na leo mwanakijiji anaweza kupimiwa na kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Ni kweli, na ni hatua. Lakini hati huandika kile ambacho mpimaji amekubali kukiona. Kihamba chenye masale kinapimika asubuhi moja. Malisho yanayotumiwa na koo kadhaa kwa zamu hayapimiki kirahisi hivyo. Kibaya zaidi, Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo ilipofafanua ardhi ya jumla, iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, ilijumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria pacha ya vijiji haina maneno hayo. Tume ya Rais ya Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilikwisha kushauri ardhi ya vijiji iwekwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe, na serikali haikukubali.

Maneno hayo machache ya 1999 ni mjukuu wa amri ya 1895. Yanaiacha ardhi ya kijiji inayopumzishwa, inayochungwa kwa msimu au iliyowekwa akiba kwa ajili ya watoto katika hatari ya kuitwa tupu na mtu wa ofisini mwenye mwekezaji mlangoni. Bunge lina uwezo wa kuyafuta, na kuandika mahali pake kwamba ardhi ya kijiji ni ile ambayo kijiji chenyewe kinaihesabu kuwa yake, imelimwa au haijalimwa. Ndivyo lifanye.