Kiasi na Asili katika Kulinganisha Sehemu

Katika hisabati ya shule za msingi, sehemu ni namba inayoonyesha vipande vingapi vimechukuliwa katika kitu kizima kilichogawanywa sawasawa, nayo huandikwa kwa namba mbili zinazotenganishwa na mstari: ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Kiasi hutaja idadi ya vipande vilivyochukuliwa, ilhali asili hutaja mgawanyo wa awali, ambao ndio uliovipa vipande hivyo ukubwa wake. Kadiri asili inavyoongezeka ndivyo kila kipande kinavyopungua, na hapo ndipo mwanafunzi hukwama, kwa kuwa amekwisha zoea kwamba 8 ni kubwa kuliko 4, akaamua kuwa 1/8 nayo ni kubwa kuliko 1/4.

Namna ya kusoma huchangia kosa hilo. Anayesoma 3/4 kuwa “tatu juu ya nne” husikia namba mbili zilizopandana, lakini anayesema “robo tatu” husikia vitu vitatu vya aina moja. Na mtoto anayetumwa dukani hahitaji kufundishwa kwamba robo tatu ya kilo ya sukari, yaani gramu 750, inazidi nusu kilo. Majina haya yenye chimbuko la Kiarabu, kama vile theluthi, robo, humusi na thumuni, yana upungufu wake, maana mtoto hasikii nne ndani ya robo (na sumuni, iliyotokana na jina la moja ya nane, imekuwa senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi!), hivyo mwalimu hana budi kulifungamanisha kila jina na namba yake.

Ulinganishaji huwa na maana pale tu sehemu zote mbili zinapohusu kizima kimoja, kwani robo ya gunia la kilo 100 huishinda kwa mbali nusu ya kilo moja. Asili zikitofautiana, hutafutwa Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili bila baki: kwa 2/3 na 3/5 ni 15, nazo hugeuka kuwa 10/15 na 9/15. Njia ya mkato ya kuzidisha kiasi cha kila sehemu kwa asili ya nyingine huzaa 10 na 9 zilezile, ila humficha mwanafunzi ile 15 inayozipa maana.

Kwa sababu hiyo, inafaa kanuni zitanguliwe na hoja. Katika 7/8 na 8/9, kila sehemu imepungukiwa kipande kimoja tu ili kufikia kizima, na kwa kuwa 1/9 ni ndogo kuliko 1/8, basi 8/9 ndiyo kubwa. Mwanafunzi anayeeleza hivyo ameielewa asili; anayefikia 63 na 64 kwa kuzidisha tu bado hajaonyesha kwamba ameielewa.